MANAHODHA WENGI, CHOMBO HUENDA MRAMA
Kazi ya kiongozi wa kikosi cha hospitali wakati moyo wa mgonjwa unaposimama

Saa nane za usiku wodi imetulia. Wagonjwa wamelala, na muuguzi wa zamu anapita kitanda hadi kitanda, tochi mkononi. Afikapo kitanda cha pembeni anakuta jambo ambalo kila muuguzi huomba asilikute: mgonjwa aliyezungumza naye muda si mrefu uliopita sasa amelala kimya, wala kifua chake hakipandi. Anamwita, hajibu. Anamtikisa bega, hajibu. Anaweka vidole penye mshipa mkubwa wa shingo, bila kuzidisha sekunde 10, na hapati mapigo. Moyo umesimama.

Tangu hapo kila sekunde ina thamani yake. Ubongo wa mwanadamu hauna akiba. Ukikosa damu kwa dakika chache tu huanza kuharibika, na madhara hayo mara nyingi hayaponi. Muuguzi anapaza sauti kuomba msaada na kuanza kukandamiza kifua. Punde si punde watu wanafika wakikimbia: daktari wa zamu, wauguzi wa wodi ya jirani, mganga msaidizi, mwanafunzi wa uuguzi aliyeshtuka usingizini. Kitanda kinazingirwa. Hapo ndipo inapozuka hatari ya pili, ambayo walio nje ya hospitali hawaijui. Hatari hiyo si uchache wa watu, bali ni wingi wao bila msemaji mmoja.

Mmoja anatafuta mshipa wa mkono, mwingine anaitisha dawa, wa tatu anauliza jina la mgonjwa, na wa nne anasema mashine iletwe. Wote wana nia njema, wote wanasema kwa pamoja, na katika makelele hayo hapana aonaye kwamba aliyekuwa akikandamiza kifua ameacha ili apishe mtu wa sindano, na kwamba nusu dakika imepita bila damu kufika ubongoni. Wahenga walikwisha kulisema jambo hili: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa sababu hiyo hospitali nyingi duniani hufunza watumishi wake si kukandamiza kifua tu, bali pia namna ya kukiongoza kikosi kinachofanya kazi hiyo.

MOYO KUSIMAMA NI NINI

Watu wengi huchanganya mambo mawili. Shambulio la moyo ni kuzibwa kwa mshipa unaoulisha moyo wenyewe. Mgonjwa wa namna hiyo kwa kawaida angali na fahamu. Hushika kifua, hutokwa na jasho na kulalamika maumivu. Moyo kusimama ni jambo jingine. Hapo moyo umeacha kusukuma damu, na mtu hupoteza fahamu mara moja. La kwanza laweza kuleta la pili, lakini moyo huweza kusimama pia kwa kutokwa na damu nyingi, kwa kuzama majini, kwa kukosa pumzi, kwa sumu, au kwa kuvurugika kwa madini ya mwili.

Hadi katikati ya karne ya ishirini, daktari aliyetaka kuurudisha moyo uliosimama alilazimika kukipasua kifua na kuubana moyo kwa mkono wake. Mwaka 1947, katika mji wa Cleveland nchini Marekani, mpasuaji Claude Beck aliurudisha hivyo moyo wa mvulana wa miaka 14, akatumia na umeme uliowekwa juu ya moyo wenyewe. Mwaka 1960 mambo yalibadilika. William Kouwenhoven aliyekuwa mhandisi wa umeme, pamoja na Guy Knickerbocker na mpasuaji James Jude, wote wa Johns Hopkins katika mji wa Baltimore, walitangaza kwamba damu yaweza kusukumwa kwa kukandamiza kifua kwa nje, kwa mikono miwili tu, bila kisu.

Tangu hapo kazi iliyokuwa ya mpasuaji mmoja ikawa kazi ya kila mwenye mikono. Neema hiyo ilikuja na sharti lake: kazi ikishakuwa ya watu wengi, yahitaji mtu wa kuiongoza.

MTU ASIYESHIKA KITU

Askari anajua kwamba kamanda shupavu hutangulia mbele. Penye kitanda cha mgonjwa ambaye moyo wake umesimama mambo huenda kinyume. Kiongozi hurudi nyuma. Husimama miguuni pa kitanda, mahali anapouona uso wa mgonjwa, kifua chake, mashine, saa na watu wote, na mikono yake haishiki kitu. Hakandamizi kifua, hachomi sindano, hapulizi hewa.

Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Mtu anayetafuta mshipa wa mkono huuona mshipa huo tu. Dakika tatu humpita akidhani ni moja. Anayekandamiza kifua huhesabu mikandamizo, naye hawezi kufikiri maradhi yalianzaje. Lazima awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuona yote na kufikiri. Kama watumishi ni wawili tu, kiongozi naye hufanya kazi ya mikono, kwa kuwa kifua hakingoji; lakini mara wanapofika wengine, huwakabidhi na kurudi nyuma.

Hatua hiyo ya kurudi nyuma ni ngumu, hasa kwa daktari kijana. Huona kama kwamba anaikimbia kazi, na hudhani wenzake watamwona mvivu. Ukweli ni kwamba akiinama tu kushika sindano, kikosi kimebaki bila macho.

Jambo jingine lipasalo kujulikana ni kwamba kiongozi si lazima awe mkubwa kuliko wote kwa cheo. Ni yule aliyefunzwa kazi hiyo na aliyetamka waziwazi mbele ya wote, "Mimi ndiye ninayeongoza." Akiingia daktari mkubwa zaidi, njia mbili ni halali kwake. Aweza kusikiliza taarifa fupi kisha atangaze kwamba sasa anaongoza yeye, au abaki kuwa msaidizi na mshauri. Njia isiyofaa ni ya tatu, ya kusimama kando na kutoa amri zake, ili muuguzi asijue amsikilize nani. Kila aliyepata kutumikia chini ya wakubwa wawili wenye amri mbili anajua mwisho wa jambo hilo.

KILA MTU NA KAZI YAKE

Kikosi kamili huwa na watu watano au sita, mbali na kiongozi. Kazi zao ni hizi:

Wa kwanza hukandamiza kifua katikati, juu ya mfupa wa kidari, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, na kila mara hukiacha kifua kinyanyuke chote kabla ya kukandamiza tena. Kwa kuwa godoro hubonyea, mgonjwa huwekewa ubao mgumu mgongoni.

Wa pili husimama tayari kumpokea wa kwanza. Wa tatu hukaa kichwani, akaiweka njia ya pumzi wazi na kupuliza hewa kwa mfuko wa mpira: pumzi 2 baada ya kila mikandamizo 30. Wa nne hushughulika na mashine ya kuonyesha mwendo wa moyo na kutoa mshtuko wa umeme. Wa tano huandaa dawa na kuzitia katika mshipa. Wa sita huandika kila jambo pamoja na wakati wake, na kutangaza dakika zinavyokwenda.

Watumishi wakiwa wachache, mmoja hushika kazi mbili. Lisilokubalika ni kazi moja kutokuwa na mtu, au kuwa na watu wawili wasemao kila mmoja alidhani mwenzake ameifanya.

AMRI NA JIBU LAKE

Sikiliza amri hii: "Jamani, mtu atie adrenalini!" Imetolewa kwa nguvu, lakini haina mwenyewe. Kila mmoja atamtazama mwenzake, na dawa huenda isitiwe, au ikatiwa mara mbili. Kiongozi aliyefunzwa humtaja mtu kwa jina au humwelekea kwa macho na kusema, "Sista uliye kwenye dripu, tia adrenalini miligramu 1 sasa." Naye hujibu, "Adrenalini miligramu 1, natia." Akimaliza huongeza, "Adrenalini miligramu 1 imetiwa." Mwandishi huandika saa na dakika.

Askari na polisi waliopata kushika simu ya upepo hawataona ajabu hapa. Amri hutolewa, hurudiwa kwa maneno yale yale, kisha hutolewa habari kwamba imetekelezwa. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, amri imepotea. Tofauti ni kwamba hospitalini watu wamesimama hatua moja kutoka wenzao, na kwa ajili ya ukaribu huo hudhani kwamba wamesikiana.

Sauti ya kiongozi haina haja ya kuwa kubwa. Akipiga makelele, na wengine watapiga makelele ili wasikike. Akisema kwa utulivu, chumba kizima hutulia, na mwanafunzi mwenye hofu hupata mahali pa kuegemea.

Utulivu huo una faida nyingine kubwa zaidi. Unampa mdogo nafasi ya kumsahihisha mkubwa. Yule mwanafunzi wa uuguzi, aliye wa mwisho kwa cheo, ndiye huenda akaona kwamba mtungi wa oksijeni umekwisha, au kwamba daktari ametaja kipimo cha dawa kisicho sawa. Akinyamaza kwa adabu, adabu hiyo yaweza kumwua mgonjwa. Kiongozi mwema hutangulia kuwafungulia wenzake mlango kwa maneno machache: "Anayeona kosa aseme." Na asemapo, humshukuru hata kama hakukuwa na kosa. Utii wa namna hii haupungukiwi kitu, maana wote wanatii jambo moja, yaani uhai wa mgonjwa.

DAKIKA MBILI MBILI

Kazi yote huendeshwa kwa vipindi vya dakika mbili. Kipindi kikiisha, kifua huachwa kwa muda usiozidi sekunde 10, ili kiongozi aitazame mashine. Papo hapo anayekandamiza hubadilishana na mwenzake, kwa sababu mikono huanza kulegea kabla mwenyewe hajahisi uchovu. Aliyekaidi kubadilishwa kwa kusema angali na nguvu hutolewa kwa upole lakini bila mjadala.

Mashine huweza kuonyesha mambo ya namna mbili. Ya kwanza ni moyo kutetemeka ovyo, au kwenda mbio mno hata usiweze kusukuma damu. Hapo mshtuko wa umeme ndio dawa, na kila dakika inayopita kabla ya mshtuko hupunguza tumaini. Ya pili ni mstari ulionyooka, au mistari ya moyo kuonekana pasipo mapigo mwilini. Hapo mshtuko haufai kitu, ijapokuwa watazamaji wa sinema wamezoea kuona kinyume chake. Linalobaki ni kukandamiza kifua, kupuliza hewa, kutia adrenalini kila baada ya dakika 3 hadi 5, na kutafuta chanzo.

Kabla ya mshtuko kutolewa, oksijeni husogezwa mbali, na mwenye mashine hutazama kuanzia kichwani hadi miguuni kuhakikisha kwamba hapana mkono uliogusa mgonjwa wala kitanda. Mara baada ya mshtuko, mikono hurudi kifuani bila kungoja kupima mapigo, kwa sababu hata moyo uliorudi huwa dhaifu kwa dakika za kwanza. Kumzuia kila mtu asisite wakati huo, watu wakiwa wamekodolea macho mashine, ni mojawapo ya kazi kubwa za kiongozi.

Hospitali isiyo na mashine hiyo, au ambayo umeme wake umekatika, haikosi la kufanya. Kifua kipo, hewa ipo, saa ipo, na akili ya kutafuta chanzo ipo.

KWA NINI MOYO UMESIMAMA

Hili ndilo swali ambalo aliyejiweka huru na kazi ya mikono ameachiwa nafasi ya kulijibu. Madaktari hujizoeza kuyapitia mambo manane: upungufu wa oksijeni, upungufu wa damu au maji mwilini, potasiamu kuzidi au kupungua, mwili kuwa baridi kupita kiasi, damu iliyoganda katika mshipa wa moyo au wa mapafu, hewa iliyonaswa kifuani ikabana pafu na moyo, damu au maji kujaa katika mfuko unaouzunguka moyo, na sumu au dawa iliyozidi.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Askari aliyejeruhiwa kifuani huenda moyo wake umebanwa na hewa iliyonaswa, na kifua chake kikandamizwe hata alfajiri hatarudi mpaka hewa hiyo imetolewa. Mama aliyejifungua na kutokwa na damu nyingi ahitaji damu na mkono wa kuizuia isizidi kutoka. Mtoto mdogo mara nyingi moyo wake husimama kwa sababu pumzi ilitangulia kukosekana. Kwa hiyo kwake hewa si jambo la kungojewa.

Mama mjamzito ambaye tumbo limefika kitovuni au kupita hapo ana jambo lake la pekee. Tumbo hilo huulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Lazima mtu mmoja alisukume upande wa kushoto muda wote kifua kinapokandamizwa. Moyo usiporudi kwa dakika 4, kiongozi hana budi kuamua mtoto atolewe kwa upasuaji pale pale kitandani, ili awe ametoka ifikapo dakika ya 5. Upasuaji huo ni wa kumwokoa mama kwanza, kwa kuwa tumbo likiisha kuwa tupu damu hupata njia ya kurudi. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kutolewa na mtu ambaye hajui ni dakika ngapi zimepita.

KIJANA WA KINSHASA

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 17 Machi. Mwaka wenyewe ulikuwa 2012, katika uwanja wa White Hart Lane mjini London. Tottenham Hotspur na Bolton Wanderers zilikuwa zikicheza robo fainali ya Kombe la FA. Kabla ya mapumziko kiungo wa Bolton, Fabrice Muamba, alianguka kifudifudi bila kuguswa na mtu. Alikuwa na umri wa miaka 23. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1988, na alikwenda Uingereza akiwa mtoto, kwa kuwa baba yake alikuwa ameikimbia nchi.

Watu wa matibabu walikimbilia uwanjani na kuanza kukandamiza kifua mbele ya maelfu ya watazamaji. Miongoni mwa watazamaji hao alikuwamo daktari wa moyo, Andrew Deaner, aliyekuja kama mshabiki tu. Alishuka kutoka kitini akaenda kuungana na wenzake waliokwisha kuanza kazi, na alishauri mgonjwa apelekwe London Chest Hospital, hospitali ya maradhi ya moyo na mapafu alikokuwa akifanya kazi. Muamba alipigwa mshtuko mara 2 uwanjani, mara 1 njiani kuelekea gari, na mara 12 ndani ya gari la wagonjwa. Dakika 48 zilipita tangu kuanguka hadi kufika hospitali, na huko kikosi kilifanya kazi dakika 30 nyingine kabla ya moyo kuanza kupiga wenyewe. Jumla ni dakika 78.

Aliishi, na fahamu zake zikarudi. Mwezi Aprili alitoka hospitali akienda kwa miguu yake, na mwezi Agosti mwaka huo huo aliacha mpira kwa ushauri wa madaktari.

Habari hiyo isimdanganye mtu. Hata katika nchi tajiri, wengi ambao moyo wao husimama hawarudi, na dakika 78 si kipimo cha kila mgonjwa. Inalofundisha ni kwamba kazi ile ilipita mikononi mwa watu wengi, kutoka uwanjani hadi garini, na kutoka garini hadi kitandani, na kila palipokuwa na kupokezana kifua hakikuachwa. Kupokezana kwa namna hiyo hakutokei kwa bahati. Hutokea kwa watu waliozoea kujua nani anashika nini.

WAKATI WA KUSEMA BASI

Katika kazi zote za kiongozi, hii ndiyo nzito kuliko nyingine. Hapana saa iliyoandikwa kwamba ikifika kazi iachwe. Kiongozi hupima mambo mengi: muda uliopita kabla kifua hakijaanza kukandamizwa, mashine inaonyesha nini, chanzo chaweza kuondolewa au la, na maradhi aliyokuwa nayo mgonjwa. Mtu aliyezama katika maji baridi mno, au aliyekula sumu, huenda akastahili kazi ndefu zaidi.

Hata akiisha kuamua moyoni, kiongozi mwema haachi peke yake. Huwaeleza wenzake kwa ufupi yaliyofanyika, kisha huuliza, "Yupo mwenye wazo ambalo hatujalijaribu? Yupo asiyekubali tuache?" Huwangoja wajibu. Swali hilo ni kwa faida ya mgonjwa, na pia kwa faida ya yule muuguzi ambaye angelala miaka mingi akijiuliza kama palibaki la kufanya. Ndipo hutaja saa, na mikono huondoka kifuani.

Jamaa wa marehemu huwa wapo karibu, mlangoni au nje penye benchi. Katika hospitali nyingi siku hizi jamaa akitaka huruhusiwa kuwapo kazi inapofanyika, mradi awekwe muuguzi mmoja wa kukaa naye na kumweleza. Kiongozi ndiye apaswaye kwenda kwao. Huketi nao, hawaambii habari akiwa amesimama mlangoni. Husema neno "amefariki", wala hasemi "hali yake si nzuri", kwa kuwa mwenye kungoja hushika tumaini lolote analopewa, na tumaini la uongo humwumiza mara mbili. Kisha hunyamaza, akawaachia walie.

Baadaye kikosi hukutana kwa dakika chache. Huulizana lililokwenda vyema na lililokwenda vibaya, bila kutafutana makosa. Mgonjwa akiwa amepona au amefariki, mazungumzo hayo hufanyika, maana zamu haijaisha na kitanda kingine kipo.

KABLA YA KENGELE KULIA

Uongozi huu hauanzi moyo unaposimama. Huanza zamu inapoingia. Hapo kiongozi hukubaliana na wenzake nani atakandamiza, nani atashika hewa, nani ataandika. Hukagua kitoroli cha dharura: mfuko wa hewa hauvuji, mtungi una oksijeni, betri ya mashine imejaa, adrenalini haijapitwa na tarehe, ubao upo, tochi inawaka. Askari hangojei mlio wa risasi ndipo aisafishe bunduki yake.

Tena kuna kujizoeza. Mwaka 1960 Mnorwei Asmund Lærdal, aliyekuwa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto katika mji wa Stavanger, alitoa mwanasesere wa kujifunzia kazi hii, na tangu hapo watu wengi sana wamefunzwa kwake. Hospitali isiyo na mwanasesere yaweza hata hivyo kuzoeza mgawo wa kazi na namna ya kutoa amri na kuijibu. Mazoezi hayo hayahitaji fedha, yahitaji robo saa na mtu asiyeona haya kuyaanzisha.

NYUMBANI NA KAMBINI

Mama wa nyumbani aweza kudhani kwamba habari hizi ni za madaktari peke yao. Sivyo. Moyo husimama nyumbani, kiwanjani, katika foleni ya mshahara na ndani ya mabasi, na huko mtu wa kwanza kufika ndiye kiongozi, apende asipende.

Likitokea, mambo hufuata utaratibu ule ule wa wodini. Mtu aliyeanguka, asiyejibu na asiyevuta pumzi kama kawaida, alazwe chali chini, mahali pagumu. Anayejua ajitaje na kuanza kukandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Asiseme "Mtu aite gari!" Amnyoshee mtu mmoja kidole: "Wewe, kaka, piga simu hospitali, kisha rudi uniambie wamesemaje." "Wewe, dada, watoe watoto nje." "Wewe, kijana, simama njiani uwaonyeshe nyumba." "Nawe, koplo, njoo karibu. Baada ya dakika mbili utanipokea." Asiyejua kupuliza hewa akandamize tu, ila kwa mtoto au aliyezama majini, anayejua kupuliza asiache kupuliza. Mgonjwa asimwagiwe maji, asinyweshwe kitu, wala asiketishwe.

Kila nyumba yapaswa kuyazungumza haya mapema, jioni moja baada ya chakula: nani atakandamiza, nani atapiga simu, nambari ya hospitali imebandikwa wapi, na ni jirani gani mwenye gari. Katika kambi na vituo vya polisi, mganga wa kikosi aombwe kuwafundisha wake kwa waume, na vijana wao pia, maana jambo hili halichagui saa ambayo wakubwa wapo nyumbani.

Na kule wodini, saa nane za usiku, daktari kijana amefika penye kitanda. Anatazama mikono sita iliyoinama juu ya mgonjwa mmoja, na kila kiungo chake kinamsukuma naye ainame. Hainami. Anarudi hatua moja nyuma hadi miguuni pa kitanda, anatazama saa ya ukutani, na kusema kwa sauti isiyo kubwa, "Mimi ndiye ninayeongoza. Sista, endelea kukandamiza."